BAISKELI NDOGO YA MLIMA
(Mazungumzo yaliyotolewa na kamati mbele ya wakazi na wageni, Gurei, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Baiskeli hii iliyopo mezani imetuchukua miezi mitatu. Ni baiskeli ya mlima, aina iliyoanzia California, Marekani, katika miaka ya 1970. Vijana waliichagua kwa sababu ya Jebel Kujur, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuupanda kwa baiskeli. Tumeitengeneza kwa mikono, kwa kipimo cha moja kwa sita. Gurudumu la kweli la inchi 26 lina kipenyo cha karibu sentimeta 66. Letu lina 11. Mkono wa pedali wa milimita 170 umekuwa milimita 28. Vipimo tulivichukua kwa rula ya shule kwenye baiskeli ya jirani, ambaye alituvumilia sana.

Wengine wetu tulikulia Kakuma, kambi iliyofunguliwa nchini Kenya mwaka 1992, na huko tulitengeneza magari ya waya na mikebe. Wenzetu wa Goma wanaijua chukudu, ile ya mbao inayobeba magunia. Kwa hiyo tulidhani hii itakuwa kazi ya mchezo. Haikuwa.

Fremu ni eriali za redio mbovu. Eriali ina mirija inayoingiana, na hapo ndipo tulipopata foki ya mbele: mrija mwembamba ndani ya mnene, na springi ya kalamu katikati. Ukibonyeza inashuka, ukiachia inarudi. Tairi ni kandambili zilizochongwa meno kwa wembe. Mnyororo ulitushinda, maana pingili moja ingekuwa ya milimita 2 tu. Huo mnaouona ni mkufu, nao hauzungushi kitu. Tunasema mapema, asije mtu akatudai.

Kazi yenyewe ilikuwa spoki, 32 kila gurudumu, nyuzi za shaba kutoka katika waya wa umeme. Mara ya kwanza tulizinyoosha kutoka kitovuni hadi kwenye rimu kama miale ya jua. Ukizungusha kitovu, kinajisokota, rimu inabaki nyuma. Ndipo kijana mmoja, fundi wa baiskeli, alipotuonyesha kwamba spoki za kweli hutoka kitovuni kwa ubavu, nusu zikivuta mbele na nusu nyuma, kila moja ikipishana na tatu. Hivyo ndivyo nguvu ya pedali inavyofika kwenye tairi. Tukabomoa, tukaanza upya. La nyuma alilifunga yeye. Kabla hajaanza la mbele, familia yake iliondoka kwenda Uganda. La mbele tumelifunga sisi. Linayumba, mtaliona. Tumelifungua mara nne, tukaliacha.

Mgeni mmoja alituuliza kwa upole kwa nini nguvu hizi zisitumike kwenye baiskeli ya kweli. Ni swali la haki. Rimu na spoki za kweli zinanunuliwa. Eriali mbovu tuliziokota. Lakini vijana sita walioifanya kazi hii sasa wanaweza kunyoosha gurudumu lililopinda, na kila Jumamosi wanatengeneza baiskeli za watu chini ya mwembe. Wanachokosa ni spana ya spoki, hata moja. Wanatumia koleo, nayo inakula vinati.

Mkipita mezani, ishikeni kwa fremu. Spoki za nyuma tafadhali msizibonyeze. Aliyezifunga hayupo, nasi hatutaweza kuzirudisha kama zilivyokuwa.