TABLETI YA BEI NAFUU: TUIPIME KWA KAZI YA KIKUNDI

Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vikundi, katika ukumbi wa parokia



Vikundi vingi vimetujia ofisini na swali moja: tununue tableti gani ya kuwekea hesabu? Daftari linalowa, linararuka, na katibu akihama nalo huhama. Basi mmeona tableti dukani, bei yake ni nusu ya ile iliyo kando yake, na muuzaji anasema zote ni sawa. Je, ni sawa kweli? Tulijibu swali hili pamoja, kwa maana pesa hizo si za mtu mmoja. Ni za mama auzaye sukuma wiki, aletaye akiba yake kila juma bila kukosa. Haba na haba imejaza kibaba, tusikimwage dukani.

Kwanza tujue kilicho ndani ya mashine. Fikirieni jikoni. Kuna mpishi, kuna meza ya kukatia mboga, na kuna stoo. Mpishi ni prosesa, yaani ubongo wa tableti. Meza ni RAM, mahali pa kufanyia kazi ya sasa hivi. Stoo ni hifadhi, mahali picha na hesabu zinapokaa hata mashine ikizimwa. Meza ikiwa ndogo, mpishi hushusha sufuria moja kila anapotaka kuweka nyingine. Ndiyo sababu tableti ya bei ya chini huganda unapotoka kwenye hesabu kwenda WhatsApp, kisha ukirudi, ukurasa unaanza kufunguka upya. Stoo kubwa haiongezi meza. Hata ukitia kadi ya kumbukumbu, umeongeza stoo tu.

Sasa tulinganishe tatu ambazo watu hutuuliza.

Ya kwanza ni Amazon Fire 7 ya mwaka 2022, ambayo ndugu walioko Marekani huleta kama zawadi. Huko ilianza kuuzwa kwa dola 60 hivi. RAM yake ni GB 2, na hifadhi GB 16 au 32. Kwa kusoma vitabu na kutazama video inatosha. Lakini haina mahali pa laini ya simu, hutumia Wi-Fi peke yake, na haiji na duka la Google Play. Kikundi kilicho mbali na Wi-Fi kitaitumiaje?

Ya pili ni Samsung Galaxy Tab A7 Lite ya mwaka 2021. Ya kawaida ina RAM ya GB 3 na hifadhi ya GB 32. Kioo chake ni cha inchi 8.7, kikubwa na safi kuliko cha Fire 7, na tarakimu ndogo zinasomeka vizuri zaidi. Ipo ya Wi-Fi tupu na ipo ya kutia laini, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa. Kwa jedwali la wanachama 30 inaweza, ila mpishi wake ni wa taratibu.

Ya tatu ni Galaxy Tab A9 ya mwaka 2023. Kioo na betri ni kama vya A7 Lite, lakini RAM inaanzia GB 4, hifadhi inaanzia GB 64, na prosesa ina kasi zaidi kwa mbali. Tofauti ya bei imeenda kwa mpishi na meza, haikuenda kwa sura. Ukizitazama kwa nje tu, hutaiona.

Halafu zipo zile zisizo na jina linalojulikana. Hapo tuwe macho. Kwenye boksi utaona RAM ya GB 8, kumbe ya kweli ni GB 3, na 5 zimekopwa kutoka stoo. Stoo ni ya polepole kuliko meza, hata ukiiita meza. Msisome boksi, fungueni mipangilio ya tableti yenyewe, sehemu ya habari za kifaa, na msome toleo la Android pia. Toleo la zamani sana hukataliwa na programu nyingi, hata kama mashine ni mpya.

Mtu atasema, mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, kazi nyepesi haihitaji mashine ya fahari. Sensa ya Kenya ya Agosti 2019 ilifanywa kwa vifaa vya mkononi badala ya karatasi, na kazi kubwa ilikuwa kujaza fomu. Hatusemi mnunue ya ghali. Tunasema mjue kazi kwanza, ndipo mtaje bei.

Kwa hiyo fanyeni hivi:

1. Andikeni kazi zote mnazotaka tableti ifanye. Kama ni hesabu za watu 15 tu, pengine simu ya kikundi inatosha.

2. Nendeni dukani watu wawili au watatu, na jedwali lenu likiwa tayari. Lifungueni, pigeni picha ya risiti, ingieni WhatsApp, kisha rudini kwenye jedwali. Likirudi palepale mlipoliacha, vema. Likianza upya kila mara, iacheni.

3. Ulizeni laini, chaja, dhamana ya maandishi, na fundi wa kubadilisha kioo.

4. Mkishanunua, endeleeni na daftari miezi mitatu sambamba na tableti, na nakala ya hesabu ikae mahali pengine.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alituonya juu ya tabia ya kutumia na kutupa. Tableti inayotupwa baada ya mwaka mmoja ni takataka, na ni akiba ya maskini iliyopotea. Zaidi ya hayo, siku mama yule atakapouliza akiba yake ni kiasi gani na mashine ikakataa kufunguka, kinachopotea ni imani yake kwa kikundi. Hiyo hainunuliwi tena dukani.

Kuuliza si ujinga. Kikundi chenye orodha ya kazi zake kije nayo ofisini, tutaipitia pamoja kabla ya shilingi kutoka. Mungu awabariki.