Namba 561 na Likizo Ndefu

Utafiti wa likizo katika nadharia ya namba ni kazi ya wiki chache: wanafunzi wa shahada ya kwanza hupewa swali moja, hukusanya mifano, hubuni dai, kisha hujaribu kulithibitisha. Nchini Marekani mtindo huu ulienea baada ya 1987, serikali ilipoanzisha mpango wa kuugharamia. Nairobi, Julai ni mwezi wa baridi na mawingu, na wanafunzi wengi wa hisabati hutoka Chiromo kwenda atachimenti, yaani mafunzo kazini, benki au kwenye bima.

Wapinzani wa kuwapa wanafunzi hao utafiti kama huo wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba nadharia ya namba haina kazi. Hata mwanahisabati G. H. Hardy aliandika mwaka 1940 kwamba haina matumizi vitani. Lakini mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman waliitumia kuunda RSA, mfumo wa kuficha ujumbe unaotegemea namba tasa kubwa. Hivyo anayemtoa mwanafunzi kwenye namba tasa ili akajifunze benki amesahau kinacholinda tovuti ya benki yenyewe.

Ya pili, kwamba mwanafunzi hawezi kuvumbua jambo. Jibu lake ni 561.

Fermat alieleza mwaka 1640 kuwa p ikiwa tasa, a kwa kipeo cha p ukitoa a hugawanyika kwa p bila baki. Namba 561 si tasa, ni 3 × 11 × 17, lakini hupita jaribio hilo kwa kila a. Korselt alitoa sababu mwaka 1899: hakuna kigawo tasa kinachojirudia, na kila kimoja kikipunguzwa 1 hugawanya 560. Ndivyo ilivyo kwa 2, 10 na 16. Carmichael aliitaja mwaka 1910, na jamii hiyo ikapewa jina lake. Namba za magari Kenya zina tarakimu tatu, na kati ya hizo zote ni 561 pekee iliyo ya jamii hii. Mhadhiri mmoja aliwahi kuiona nyuma ya matatu kwenye foleni ya Waiyaki Way. Alipozinduka alikuwa Kangemi, na Westlands alikokwenda imepitwa zamani.

Chini ya 10,000 namba za Carmichael zipo saba tu. Je, namba ya jamii hii yaweza kuwa na vigawo tasa viwili tu? Viite p na q, p ikiwa kubwa kuliko q. Kwa kuwa pq − 1 ni q(p − 1) + (q − 1), p − 1 ingelazimika kugawanya q − 1 iliyo ndogo kuliko yenyewe. Haiwezekani. Uthibitisho huo ni wa asubuhi moja, kwa penseli. Mwaka 2021 Daniel Larsen, akiwa bado shule ya sekondari, alithibitisha kuwa kwa kila namba x iliyo kubwa vya kutosha, kati ya x na maradufu yake haikosi namba ya Carmichael.

Ni kweli kwamba atachimenti hufungua mlango wa ajira, na kwamba vikundi vingi havitavumbua nadharia mpya. Hata hivyo maabara ya fani hii ni karatasi, na programu ya kukokotoa namba iitwayo PARI/GP ni ya bure. Penseli itangulie, kompyuta ifuate.