Uhuru Angani: Jinsi Kisichoonekana Kilivyojulikana



Usiku wa kiangazi hapa Hombolo nyota huonekana wazi juu ya bwawa. Lakini jambo nililoombwa kulieleza halionekani kwa macho. Shimo jeusi ni mahali ambapo maada imesongamana mno, hata mvuto wake hauruhusu mwanga kutoka. Je, kisichotoa mwanga hujulikanaje kuwa kipo?

Mwaka 1930 kijana wa Kihindi, Subrahmanyan Chandrasekhar, akiwa melini kuelekea Uingereza, alikokotoa kwamba nyota iliyokwisha kuungua haiwezi kutulia kama kibete cheupe iwapo uzito wake unazidi kikomo fulani, ambacho leo hujulikana kuwa takriban mara 1.4 ya uzito wa jua. Mwaka 1935 mtaalamu mashuhuri, Arthur Eddington, alimkejeli hadharani. Chandrasekhar hakugombana, aliendelea na kazi. Mwaka 1983 alipewa Tuzo ya Nobel.

Ushahidi ulianzia pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Kiitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kupima eksirei kutoka angani, ambazo hewa ya dunia huzizuia zisitufikie. Ilionyesha kwamba eksirei za Cygnus X-1 hubadilika ndani ya sehemu ya sekunde. Basi chanzo chake ni kidogo mno. Kisha darubini za ardhini zikaona nyota kubwa ikizungukana na mwenzi asiyeonekana kila baada ya siku 5.6. Mwenzi huyo alikuwa mzito mno kuwa kitu kingine ila shimo jeusi.

Sasa pande za ziada. Tunajua urefu, upana na kimo. Theodor Kaluza mwaka 1921, na Oskar Klein mwaka 1926, walipendekeza upande mwingine uliojikunja mno usionekane. Tazameni waya wa shamba la zabibu: kwa mbali ni mstari tu, lakini sisimizi aliye juu yake aweza pia kuuzunguka. Wazo ni zuri. Hata hivyo, mpaka leo hakuna kipimo kilichoupata upande huo.

Vijana huniuliza kama haya yote yameandikwa katika vitabu vyetu vitakatifu. Nawasihi tusiyalazimishe. Tukimwambia mtoto kwamba kisichothibitishwa kimethibitishwa, siku atakapogundua atayatilia shaka hata yale ya kweli tuliyomfundisha. Imani haihitaji kuazima heshima ya sayansi, wala sayansi haiogopi kusema, "Bado tunatafuta."