Mwanachuo na Suali la "Umeipata Wapi?"

(Mhadhara kwa wanachuo na wazazi, Wingwi, Pemba)

 

Ndugu zangu Waislamu, mtoto akitoka Wingwi kwenda kusoma Tunguu au Chukwani, nyuma yake pana karafuu zilizouzwa. Basi ni haki ya mzazi kuuliza: amerudi na nini? Wapo wanaorudi na shahada ilhali utafiti wao wa mwisho umenakiliwa kutoka kwenye intaneti, na siku hizi zipo programu za kompyuta zinazomwandikia mtu kazi nzima. Huyo amebeba mzigo wa mwenziwe asiojua hata uzito wake.

La ajabu ni kwamba kazi ya kuhakiki ni yetu tangu zamani. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuichunguze khabari inayoletwa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Maulamaa wa Hadithi walijenga elimu nzima ya uhakiki: nani kapokea, kutoka kwa nani, je, walikutana, na hifadhi yake ilikuwaje? Imam Muslim, aliyefariki mwaka 261 Hijria, aliifungua Sahihi yake kwa utangulizi juu ya jambo hili. Wala hawakuishia kwenye sanadi. Matini nayo ilipimwa, kwani hata mpokezi mwaminifu huweza kukosea.

Tuchukue mfano wa hapa hapa. Watoto wa Micheweni husimuliwa khabari za Mkama Ndume wa Pujini, na za Haruni, anayesemwa kuwa mwanawe, aliyetawala Chwaka, jirani na Tumbe. Mwanachuo wa historia afanye nini na masimulizi haya? Mvivu atayaandika yote kama yalivyo, au atayacheka yote. Mtafiti huuliza. Mzee huyu kasikia kwa nani? Kijiji cha pili wanasimuliaje? Na ardhi yenyewe inaonyesha nini? Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba huko katika miaka ya 2000. Walikuta kwamba Tumbe palikuwa na makazi makubwa tangu karne ya 7 hadi ya 10, kisha mji wa Chwaka ukafuata kuanzia karne ya 11. Wakaazi wengi wa Chwaka waliishi katika nyumba za udongo, pembezoni mwa misikiti ya mawe. Anayetazama magofu tu hatawaona watu hao. Udongo nao hautaji jina la mtawala. Hilo tutalipata kwa wazee.

Najua baadhi yetu tunaogopa kwamba kijana akizoea kuuliza ataharibika. Hofu hiyo ina sababu, maana wapo wanaouliza ili washinde baraza tu. Lakini aliyekatazwa kuuliza hapa ataamini la kwanza atakaloambiwa huko aendako. Wazazi wangu, kijana akija na daftari msimfukuze. Mwambieni mliyoyasikia na mliyasikia kwa nani, na msilolijua semeni hamlijui. Nawe kijana, andika jina la msimulizi, mahali na tarehe kabla ya neno jingine lolote. Watakaoanza na Chwaka tuonane baada ya Alasiri, kila mmoja na daftari lake.