Mkopo Si Sadaka



Mwaka 1975 Benki ya Dunia iliikopesha serikali yetu fedha za kuanzisha mtaa wa Dandora. Viwanja kama 6,000 vilipangwa, kila kimoja kiwe na maji, choo na bafu. Vyumba, wenyewe wajijengee. Kazi hiyo twaisifu. Lakini mkopo si sadaka: hulipwa kwa kodi zetu. Basi mfereji ukikauka, nasi tukanunua maji ya mitungi kwa mwenye mkokoteni, tunalipa mara mbili. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema maji safi ya kutosha ni haki. Tusiwashukuru wafadhili kisha tukanyamaza. Kila mkopo mpya ukitangazwa, tuulize kwa sauti moja: utalipwaje, na maji yatafika mlango gani?