Kununua Motokaa kwa Akili: Majibu kwa Maswali ya Watu wa Voi na Taita Taveta



Nimetakiwa niseme nanyi leo juu ya motokaa, nami nashukuru kwa heshima hiyo. Maswali mliyoyaleta ni mengi, lakini nikiyapanga yote nayaona yametoka katika shina moja. Mtu amejinyima kwa miaka mingi, ameuza mifugo yake au amechukua mkopo katika chama cha ushirika, naye ataka gari litakalomlisha, wala si gari litakalomla. Akosaye katika jambo hili hapotezi fedha peke yake. Katika mteremko wa Wundanyi aweza kupoteza roho yake na roho za wale aliowachukua. Kwa hiyo nitajibu maswali yenu moja moja, kwa maneno ya wazi.

SWALI LA KWANZA: NINUNUE GARI LA NAMNA GANI?

Kabla ya kuuliza jina la gari, jiulize kwanza gari lenyewe litakwenda wapi na litachukua nini. Nchi yetu hii ina njia za namna tatu. Iko barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, iliyo tambarare na ya mwendo mrefu. Iko njia ya Mwatate hadi Taveta, iliyokuwa ya vumbi na sasa ni ya lami, ambako ndovu huvuka wapendapo. Tena ziko njia za milimani, Wundanyi, Mgange na Werugha, zenye kona kali na miinuko mirefu. Gari lifaalo njia ya kwanza huenda lisifae ya tatu.

Vijana wengi hutaka gari lenye nguvu nyingi. Nawakumbusha habari za mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Katika mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, na magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Lililoshinda lilikuwa Peugeot 404, gari la kawaida ambalo watu walilitumia kwa kazi za kila siku. Mvua na matope havikuuliza ni gari lipi lenye mbio, bali ni lipi lililo imara na lililotengenezwa vema kabla ya safari.

Wengi wenu mwauliza habari za Toyota Probox. Gari hili lilianza kutengenezwa Japani mwaka 2002 kuwa gari la biashara la kuchukua mizigo midogo. Sifa yake kubwa ni kwamba mafundi wanalijua na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi. Hiyo ni sifa ya maana kuliko rangi na viti vya ngozi, kwa sababu gari linalongoja kipuri kwa mwezi mzima haliingizi hata senti moja. Lakini angalieni mambo mawili. La kwanza, waliolitengeneza walilipimia mzigo wa kilo 400 pamoja na watu wawili. Mwenye kujaza watu tisa na magunia ya viazi juu ya paa asililaumu gari breki zikishindwa. La pili, tangu mwaka 2014 Probox nyingi hutumia gia za mkanda, ziitwazo sivitii. Gia hizo zina mafuta yake ya pekee, na fundi akitia mafuta ya gia za otomatiki za zamani atakuwa ameziua. Waulizeni mafundi wenu kabla hawajafungua chupa.

SWALI LA PILI: NILETE GARI TOKA NG'AMBO, AU NINUNUE LILILOTUMIKA HAPA?

Njia zote mbili zafaa, na zote mbili zina mitego yake.

Gari liletwalo toka ng'ambo lazima liwe na usukani upande wa kulia, na umri wake usizidi miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza. Tena liwe na cheti cha ukaguzi kilichotolewa kabla halijapakiwa melini. Mwaka 2023 ushuru wa forodha wa magari ulipandishwa toka asilimia 25 hadi asilimia 35, na juu yake ziko kodi nyingine. Jueni pia kwamba Mamlaka ya Ushuru hukadiria thamani ya gari lililotumika kwa orodha yake yenyewe ya bei. Mtu asijifariji kwa kusema, “Mimi nimelipata rahisi.” Pigeni hesabu ya kodi zote kabla ya kutuma fedha, msije mkaliona gari lenu limelala bandarini Mombasa na gharama zikiongezeka kila siku.

Kwa gari lililotumika hapa nchini, usidanganyike na herufi za namba yake. Herufi za KD zaonyesha wakati gari lilipoandikishwa Kenya, wala hazionyeshi mwaka lilipotengenezwa. Gari laweza kuwa na namba mpya na miaka mingi mgongoni.

Kisha tazama hati. Omba hati ya umiliki, ile iitwayo logibuku, ulinganishe namba ya chesesi na namba ya injini na zile zilizopigwa katika gari lenyewe. Ukiona chuma kimesuguliwa au namba imepigwa upya, funga mkoba wako uende zako. Tafuta habari za gari hilo katika daftari la Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, ambayo hutoa habari hizo kwa ada ndogo. Hapo utaona jina la mwenye gari. Likitokea jina la benki pamoja na jina la mtu, maana yake gari lina deni. Ukimlipa mtu huyo bila benki kuridhia, umenunua ugomvi. Wala usikubali kuambiwa, “Jina tutabadilisha baadaye.” Ajali au kesi ikitokea kabla ya jina kubadilishwa, wote wawili mtatafutwa, muuzaji na mnunuzi.

SWALI LA TATU: NITAJUAJE INJINI NI NZIMA?

Nenda asubuhi, tena uwe umemwambia muuzaji asiliwashe gari mpaka ufike. Weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ina moto, basi kuna jambo linalofichwa, kwa maana injini mbovu nyingi huwaka vizuri zikiwa zimepashwa moto, na hukataa zikiwa baridi.

Likishawashwa, tazama moshi. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua ndani ya injini. Moshi mweusi maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa. Mvuke mweupe kidogo wakati wa baridi si neno, lakini moshi mweupe usiokoma, wenye harufu ya utamu, waonyesha kwamba maji ya rejeta yanaingia katika silinda. Baada ya kuzima injini, fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando kama maziwa ya chai, jihadhari sana, maana maji na oili huenda vimechanganyika.

Ama ile saa ya kilometa, usiiamini peke yake, kwa sababu hurudishwa nyuma na wajanja. Tazama pedali za breki, usukani, na kiti cha dereva. Gari liambiwalo limekwenda kilometa 60,000, na pedali yake imelika mpaka chuma, limeshataja umri wake wenyewe. Mwisho, mlipe fundi wako mwenyewe, wala si fundi wa muuzaji, akague gari chini na juu. Ujira wa fundi kwa saa moja ni mdogo sana ukiulinganisha na bei ya injini.

SWALI LA NNE: KWA NINI GARI LACHEMKA LIKIPANDA MLIMA?

Likitoka Voi kwenye joto na kupanda hadi Wundanyi, injini hufanya kazi nyingi kwa mwendo mdogo, na upepo wa kuipoza ni haba. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 pwani, na mlimani huchemka mapema zaidi. Ndiyo sababu kifuniko cha rejeta kimefanywa kuzuia mvuke: maji yakikandamizwa hayachemki upesi. Kifuniko kilicholegea, cha bei ndogo tu, chaweza kuharibu injini nzima.

Wako mafundi wanaoshauri themostati iondolewe. Msikubali. Themostati ni mlango uliowekwa ili injini ipate joto lake la haki. Ukiuondoa, injini hukaa baridi njiani tambarare, hula petroli zaidi, na oili yake huchafuka upesi. Ikiwa gari lachemka, tafuteni ugonjwa wenyewe: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, pampu iliyochoka, au gasketi iliyoungua. Tena tieni dawa ya rejeta iliyoagizwa na watengenezaji, kwa sababu maji matupu huleta kutu na magaga ndani ya injini. Wala mtu asifungue kifuniko gari likiwa moto. Maji yale huruka usoni kama risasi.

SWALI LA TANO: JE, SI VEMA KUTIA GIA HURU KATIKA MTEREMKO ILI KUPUNGUZA PETROLI?

Swali hili nalijibu kwa nguvu kuliko yote: si vema hata kidogo.

Sikilizeni hesabu hii. Toka Wundanyi hadi Mwatate gari huteremka kiasi cha mita 500 hivi. Gari lenye uzito wa tani moja na nusu likiteremka kimo hicho, nguvu ya mteremko yote hugeuka kuwa joto, na joto hilo latosha kuchemsha debe zima la maji. Ukitia gia huru, sehemu kubwa ya joto hilo huchukuliwa na breki peke yake. Ukitumia gia ndogo, injini hushika sehemu kubwa ya kazi, na breki hubaki na nguvu kwa wakati wa hatari.

Tena mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa. Mafuta ya namba 4 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 230, lakini yakishanywa maji yaweza kuchemka kwa nyuzi 155. Yakichemka, hufanya mapovu, na pedali huzama mpaka chini bila gari kusimama. Ndipo watu husema breki “zimekataa.” Kwa kweli zilikuwa zikiomba mafuta mapya kwa muda mrefu. Badilisheni mafuta hayo kila miaka miwili.

Na habari ya kupunguza petroli ni uwongo kwa magari ya siku hizi. Injini zenye sindano za petroli hukata petroli zenyewe gari likiteremka katika gia na mguu umetoka kwenye mafuta. Ukitia gia huru, injini hulazimika kunywa petroli ili isizimike. Na mwenye kuizima kabisa ni mwenye hatari zaidi, maana usukani huwa mgumu na msaada wa breki huisha baada ya kukanyaga mara chache.

SWALI LA SITA: JE, NIPUNGUZE UPEPO WA MIPIRA KWA SABABU YA JOTO?

La. Mpira wenye upepo mdogo hujikunja-kunja kila unapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakouchoma hata ukapasuka. Pimeni upepo asubuhi, mipira ikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa mlangoni mwa gari. Na mnaponunua mipira, someni tarakimu nne za mwisho ubavuni mwake. Zikiwa 2319, mpira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira mzee, ijapokuwa meno yake ni marefu, hupoteza nguvu yake.

NENO LA MWISHO

Kama una shilingi laki 8, usinunue gari la laki 8. Weka akiba kwa bima, mipira, oili, na ukaguzi wa kwanza wa fundi. Na ukikusudia kuchukua abiria kwa nauli, kata bima ya kazi hiyo. Bima ya gari la nyumbani huenda isikutetee siku ya ajali, na waliojeruhiwa watakudai wewe.

Kisha nunua daftari. Andika humo siku ya kubadilisha oili, mafuta ya breki na mipira, na kilometa za siku hiyo. Daftari hilo litakuonyesha gari lala kiasi gani na laleta kiasi gani. Na siku utakapoliuza, mnunuzi mwenye akili atalitaka kabla ya kutazama rangi. Wazee wetu walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.