Mlimani ilianza na vijana 14: tuwaulize wazee kabla hawajaondoka

(Haya ni mazungumzo ya mwandishi wa kujitegemea na vijana wa Karagwe na Kyerwa, mjini Kayanga. Yamefupishwa kidogo ili yaenee gazetini.)

Ndugu zangu vijana, na wewe ndugu msomaji uliyeko mjini unayesoma haya kijiweni huku kikombe cha kahawa kikipoa mbele yako, nianze kwa kukiri. Mimi si msomi. Nimeishia kidato cha sita. Nafasi ya chuo niliipata, fedha hazikupatikana. Mzee alikuwa ameshauza kahawa yake butura kwa ajili ya ada ya dada yangu. Nyinyi wa Nkwenda na Mabira hamhitaji kuelezwa butura ni nini. Msomaji wa mjini aelewe hivi: mkulima anauza kahawa ikiwa bado ua mtini, anapewa vijisenti leo, na msimu ukifika magunia yanabebwa na mwingine. Basi, hayo yakaishia hapo. Sikuja hapa kulia.

Tangu hapo nimekuwa nikiandika makala na kulipwa inapotoka, na isipotoka nalala hivyo hivyo. Katika kutafuta makala nikaangukia kumbukumbu za walimu wastaafu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wamo Profesa Isaria Kimambo na wenzake Mapunda na Lawi, waliohariri historia nzima ya chuo iliyotoka 2008. Yumo Profesa Matthew Luhanga aliyekuwa Makamu Mkuu wa Chuo tangu 1991 hadi 2006, akaandika kitabu chake 2009. Yumo Profesa Karim Hirji aliyewakusanya wenzake wa ujanani wakatoa kitabu 2010. Vyote hivyo, sikilizeni vizuri, viko kwa Kiingereza. Chuo chenye taasisi iliyotupatia Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, wazee wake wanakumbuka kwa Kiingereza! Ndiyo maana nimesimama hapa. Mtu akikuwekea chakula juu ya dari, lazima atokee wa kupanda.

Tuanzie mwanzo. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya bendera ya mkoloni kushushwa, chuo kilifunguliwa kikiwa na wanafunzi 14 na kitivo kimoja tu, cha Sheria. Msichana kati yao alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Shahada ilikuwa ya London, mkuu wa chuo alikuwa Mkanada, Cranford Pratt, na wa Sheria alikuwa Mwaustralia, Weston. Mlima hawakuwa nao. Walisomea Mtaa wa Lumumba, katika jengo la TANU.

Hapo nataka tukae kidogo. Gazeti hili ni la upinzani na halijazoea kukisifu chama kile. Lakini la kweli husemwa. Chama kilikuwa kimejenga nyumba yake, kikawapisha wanafunzi. Nawauliza tu: ni chama gani leo, hata hivi vyetu tunavyovipigia debe, kitahamisha ofisi ili watoto wa watu wapate pa kusomea? Msinijibu sasa.

Huku kwetu kabla ya hapo, aliyefaulu sana alitazama Makerere. Ukisimama Murongo Uganda unaiona kwa macho, ni mto tu katikati, na Kampala iko karibu kuliko Dar es Salaam. Ilipotokea Dar, kijana wa Karagwe alifunga sanduku lake, akashuka Bukoba, akapanda meli hadi Mwanza, kisha treni ya Reli ya Kati siku na usiku. Leo basi linakulaza njiani usiku mmoja unalalamika kiti kigumu.

Mwaka 1963 vyuo vitatu, Makerere, Nairobi na Dar, viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1964 wakahamia kilimani, ndipo jina la Mlimani likaanza. Na hapo ndipo kisa kikaanza.

Oktoba 22, 1966. Serikali inataka anayemaliza chuo aende Jeshi la Kujenga Taifa miaka miwili, na kwa muda wa miezi 18 apate asilimia 40 tu ya mshahara wake. Vijana wakavaa majoho yao wakaandamana hadi Ikulu. Kulikuwa na bango lililosema mambo yalikuwa afadhali wakati wa mkoloni. Hebu fikiri, uhuru una miaka mitano, na msomi anayelishwa kwa kodi ya mkulima wa kahawa anambebea Mwalimu bango la namna hiyo! Mwalimu aliwaka. Zaidi ya 300 walifukuzwa, wakarudishwa makwao kila mtu na kijiji chake. Lakini papo hapo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu na siku kadhaa baadaye likatoka Azimio la Arusha.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia kwenye kufukuzwa. Mimi naona la mshahara ndilo kubwa. Aliyechapa alijichapa na yeye. Sasa weka hilo pembeni, nitalirudia.

Baada ya Azimio, Mlimani ilichemka. Alikuwapo Walter Rodney kutoka Guyana, aliyeandika pale kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kikatoka 1972. Alikuwapo Issa Shivji, bado kijana. Na alikuwapo mwanafunzi mmoja kutoka ng'ambo ya mto huu wetu, kutoka Ankole, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wanamapinduzi kilichoitwa kwa kifupi USARF. Jina lake Yoweri Museveni. Mnamjua, redio zake mnazisikia kila siku. Kama siasa za Mlimani zilimfikisha alikotaka kufika, au zilimpotea njiani, hilo waulizeni wafanyabiashara wa Kikagati.

Novemba 1969 vijana hao walitoa jarida, wakaliita Cheche. Hirji anasimulia walivyolitengeneza: taipureta, stensili, mashine ya kuzungusha kwa mkono, wino hadi viwiko. Hakuna mfadhili, hakuna tangazo la biashara. Waliandika, wakauza wenyewe. Shivji aliandika humo makala ndefu juu ya matabaka yanayopambana kimya kimya Tanzania, yaani akasema waziwazi kwamba kuna wanaojineemesha ndani ya Ujamaa wenyewe. Novemba 1970, mwaka mmoja tu, jarida na USARF vikapigwa marufuku. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa kwamba jina Cheche limeigwa kwa Warusi, kwa gazeti la Lenin. Jamani! Cheche ni neno la Kiswahili, hata bibi yangu analijua jikoni kwake.

Hirji alifundisha hisabati pale, na 1974 akaondolewa, akapelekwa Sumbawanga kwenye ofisi ya mipango ya mkoa. Hakufungwa, alipangiwa kazi tu. Ndivyo ilivyokuwa: hukamatwi, unahamishwa. Baadaye alirudi kwenye ualimu, akawa profesa Muhimbili.

Ya kukua kwa majengo na vitivo nitayapita haraka kwa sababu yanaandikwa kila mahafali. Julai 1, 1970 kikawa chuo kikuu kamili, Makamu Mkuu wa kwanza Pius Msekwa. Uhandisi ukaanza 1973 kwa msaada wa Wajerumani. Kilimo cha Morogoro kikajitenga 1984, ndiyo Sokoine. Udaktari wa Muhimbili ukajitegemea kamili 2007. Mti mmoja, machipukizi mengi.

Lakini nani aliingia? Hilo ndilo linalotuhusu. Novemba 1974 Chama kiliazimia kule Musoma kwamba kijana asitoke shule akaenda moja kwa moja chuo kikuu. Afanye kazi kwanza, mwajiri amsifu, na tawi la Chama limpitishe. Wapo wastaafu wanaolisifu azimio lile kwamba lilileta wanafunzi watu wazima wenye akili za maisha. Sawa. Lakini ndugu zangu, mwenyekiti wa tawi mnamjua. Ukigombana naye juu ya mpaka wa shamba la migomba, shahada yako imekwisha hapo hapo.

Machi 1978 wanafunzi wakaandamana tena. Safari hii si kwa matumbo yao. Walipinga marupurupu ambayo mawaziri na wabunge walikuwa wamejiongezea. Nirudie sasa lile nililoweka pembeni. Mwaka 1966 kijana alidai mshahara wake akafukuzwa, na Rais akapunguza wa kwake. Mwaka 1978 kijana alidai wakubwa wapunguze, akafukuzwa tena, wapatao 350, na safari hii sikusoma popote kwamba kuna mkubwa aliyepunguza kitu. Fimbo ile ile, mgongo ule ule, ila mchapaji amesahau kujichapa. Miezi michache baadaye Idi Amin alivuka mpaka, na nyinyi wa Kagera hamuhitaji kusimuliwa nani alilipa gharama ya vita ile.

Miaka ya themanini walimu walianza kuondoka. Botswana, Lesotho, Swaziland, Zimbabwe. Mshahara wa profesa haukumaliza mwezi. Waliobaki walifuga kuku, walilima bustani, wengine waliuza maandazi kupitia kwa wake zao. Nawaheshimu waliobaki. Waliokwenda siwalaumu pia. Mwaka 1990 wahadhiri walitoa Azimio la Dar es Salaam la uhuru wa taaluma, na mwaka huo huo Serikali ikakifunga chuo miezi mingi, kikafunguliwa 1991.

Lipo jambo la mwaka huo ambalo katika kumbukumbu nyingi linapitwa mbio, kama mtu apitaye makaburini usiku. Palikuwapo utamaduni wa wanafunzi wa kiume uliojiita Mzee Punch. Ulibandika ukutani michoro na maneno machafu ya kumwaibisha msichana aliyekataa kutongozwa. Februari 1990 msichana wa mwaka wa kwanza aliyeandamwa hivyo alijiua. Waliokuwa wakiandika ukutani usiku na waliokuwa wakijadili ukombozi wa Afrika mchana, wengine walikuwa watu wale wale. Mnaosambaza picha za wasichana kwenye simu hapa Kayanga na Omurushaka, nawatazama ninyi.

Luhanga alikipokea chuo kikiwa katika hali hiyo. Alikuwa mhandisi wa mawasiliano, na mageuzi aliyoyasimamia tangu 1994 yaliongeza wanafunzi, kompyuta na majengo. Sifa hiyo ni yake. Lakini ni katika miaka hiyo hiyo msemo wa kuchangia gharama ulipoingia. Wanafunzi wakawa wengi kuliko vitanda, wakaanza kubebana, wawili kitanda cha mmoja. Hosteli zilizofunguliwa Aprili 2017, za wanafunzi 3,840, zilipunguza dhiki. Novemba 2018 ikafunguliwa maktaba iliyojengwa na Wachina, inayokalisha wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Watu 14 wa Lumumba wangepotelea humo.

Wa zamani alisoma bure, akapewa na nauli. Wa leo anakopa. Sheria ya mikopo ni ya 2004, na tangu marekebisho ya 2016 anayepata kazi anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Babu yake aliandamana kwa kukatwa miezi 18.

Sasa Kagera. Mwaka 2021 nchi ilikopa Benki ya Dunia Dola za Marekani milioni 425 kwa mradi wa elimu ya juu uitwao HEET. Ndani yake imo kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani kwetu, kijijini Itahwa, kata ya Karabagaine, Bukoba Vijijini. Chuo kilichotuchukua sanduku na meli kinatujia. Kutoka Kayanga ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka Kyerwa zaidi. Maswali ni yetu: watafundisha nini? Migomba inayokauka? Kahawa inayovuka Murongo usiku? Bati la Kyerwa, yaani madini ya bati, linalochimbwa kwa sururu tangu mkoloni? Au tutajengewa ukumbi wa kutolea vyeti?

Nina sababu ya kuuliza. Mlimani ilishawahi kuja huku ikiwa na adabu. Kina Ranger na Kimambo walifundisha pale kwamba masimulizi ya wazee wa Kiafrika ni historia, si hadithi za watoto. Katika upepo huo huo Israel Katoke akaandika kitabu cha ufalme wa Karagwe, kikatoka Nairobi 1975. Wazee wa Kinyambo wakawa ushahidi. Bweranyange ya Rumanyika, ambako Speke alifika Novemba 1861, ikaacha kuwa sehemu ya safari ya Mzungu tu, ikawa dola yenye mambo yake.

Walikuja wakauliza babu zetu. Sasa zamu imegeuka, waliouliza wenyewe wamekuwa wazee. Wamo waliostaafu wakarudi kulima migomba, katika wilaya hizi mbili na jirani zake. Unampita barabarani na bodaboda, vumbi linamwingia machoni, hujui kwamba alimsikia Rodney kwa masikio yake. Simu yako inarekodi. Mwulize alikula nini, alilala na nani chumbani, alifukuzwa lini, nani aliandika barua ya tawi. Mwulize na la Punch, usimwonee haya. Muulize kwa Kiswahili au kwa Kinyambo, atakujibu.

Mimi nina majina matatu ya kuanzia, siyataji hapa bila ruhusa ya wenyewe. Natafuta watu wawili wenye pikipiki wa kwenda nami Kyerwa Jumamosi. Mafuta tutachanga.

Maswali sasa. Wewe wa nyuma uliyeinua mkono tangu nilipotaja Museveni, simama, lakini sema taratibu, watu wa redio wamo humu.